Radio Maendeleo ya Bukavu: walifunga mlango, sauti ikarudi
Maneno yetu kwa vijana, Siku ya Redio Duniani



Leo ni tarehe 13 Februari, siku ambayo UNESCO iliweka mwaka 2011 ikuwe Siku ya Redio Duniani. Kila mwaka kunakuwa hotuba, picha mbele ya mikrofoni, vinywaji kidogo, kisha watu wanarudi nyumbani. Sisi tumechagua kutumia hii siku namna ingine. Tunataka tuwaelezee historia ya redio moja ndogo ya mji wetu, Radio Maendeleo.

Wengi wetu tulizaliwa ikiwa ilishakuwa hewani. Tuliikuta mu nyumba, juu ya kabati, inaongea wakati sombe iko motoni na watu wanangojea tangazo la matanga ili wajue nani amefariki mu mtaa. Ukikuta kitu pale toka utoto, unawaza kiko tu, kama vile ziwa liko. Lakini redio haiko kama ziwa. Kuna watu walikaa chini wakaiwaza, watu wengine wakaitafutia vifaa, na kuna wenye walilala gerezani juu yake.

Tunaongea hii leo juu ya swali moja ambalo vijana wanatuletea kila juma: kama kuongea kunaleta hatari, na kama kila mwenye bunduki anaanza kazi yake kwa kufunga vinywa, sisi tufanye nini? Hatuna jibu la kuokota mfukoni. Lakini bakubwa wetu walishapita mu hii njia. Tuangalie namna walifanya.

1. Wakati sauti ilikuwa moja

Wazee wetu wa Zaïre wanakumbuka OZRT, redio na televisheni ya serikali. Haikuwa na mwenzake. Ku televisheni, mbele ya habari, sura ya Mobutu ilikuwa inashuka toka mawinguni. Vijana wakisikia hii wanacheka, lakini haiko mzaha, njo vile ilikuwa. Mtu mwenye alitaka kujua kweli alingojea usiku, akatafuta BBC, RFI ao Sauti ya Amerika mu mawimbi mafupi, akaweka redio chini ya mto ili jirani asisikie. Mwenye hakuwa na redio alibakia na radio trottoir, habari za kinywa kwa kinywa: leo ni kweli, kesho ni uongo, na hakuna mtu wa kujibu juu yake.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Kisha ikakuja Konferansi ya Kitaifa, 1991 na 1992. Mlango ulifunguka kidogo. Kwetu Kivu, watu hawakungojea Kinshasa iwaambie nini cha kufanya. Kulikuwa tayari mashirika ya wakulima, ya wamama, ya wafugaji, ya haki za binadamu. Hawa watu walikuwa na shida moja ya kila siku: walizunguka vijiji kufundisha namna ya kupigana na mmomonyoko wa udongo, kulinda chemchemi, kuchanja watoto, lakini walifika vijiji vichache tu. Barabara zimekufa, pesa ya mafuta haipatikani. Makaratasi waliyoandika kwa Kifaransa hayakusomwa na mama mwenye analima Kabare ao Walungu. Wakajiuliza: kitu gani kinaweza kupanda milima yetu bila gari? Jibu lilikuwa redio.

2. 1993: redio ya watu

Njo vile Radio Maendeleo ilizaliwa Bukavu mwaka 1993, ikiwa mali ya mashirika ya raia ya Kivu ya Kusini. Tajiri fulani hakuwa mwenyewe, chama cha politike hakikuwa mwenyewe, wala kanisa, wala serikali. Ilikuwa moja ya redio za kwanza za namna hii katika inchi yote. Fikirini vizuri: sheria ya uhuru wa vyombo vya habari yenyewe ilitiwa mkono tarehe 22 Juni 1996, miaka mitatu kisha pale. Watu walianza kuongea mbele ya sheria kuwaruhusu.

Jina lenyewe lilikuwa linasema kila kitu. Maendeleo. Lugha pia: Kiswahili, Kifaransa, na lugha za kwetu kama Mashi na Kilega. Mwanzoni watu walisikia mambo ya shamba, maji, afya, shule. Lakini kuongea juu ya shamba haiwezi kuishia ku mbegu. Mkulima akipewa mikrofoni ataanza na magonjwa ya muhogo. Dakika ya tatu atasema juu ya kizuizi ku barabara, kwenye wanamkamata pesa kila akipeleka muhogo sokoni. Dakika ya tano atauliza hiyo pesa inaenda wapi. Tayari ni politike, na hakuna mtu alimfundisha.

Kitu kimoja tunapenda sana mu hii historia ni vikundi vya wasikilizaji, vile waliita radio-clubs. Watu wa mtaa ao wa kijiji walikutana pamoja, wakasikiliza, wakazungumza, wakarekodi mazungumzo yao mu kaseti, kisha wakatafuta namna ya kufikisha ile kaseti mjini. Kaseti ilisafiri mu mfuko wa mwanafunzi, ku baiskeli, mu mtumbwi. Ikafika studio, ikapita hewani, na kijiji kingine kikasikia shida yake yenyewe ikielezwa na sauti ya kijiji cha mbali. Hakukuwa intaneti, hakukuwa WhatsApp. Lakini habari ilitoka chini ikapanda juu, na kila neno lilikuwa na mtu aliyelisema, mwenye watu wa kwao wanamjua.

3. Mwaka uleule, ng'ambo ya Ruzizi

Mwaka uleule wa 1993, mwezi wa Julai, redio ingine ilianza kusikika Rwanda: RTLM. Wote mnajua nini ilifanya. Mwaka 1994 ilitangaza chuki dhidi ya Watutsi, ikataja watu kwa majina, ikasaidia wauaji. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili.

Tunataja hii kwa sababu moja. Kifaa ni kilekile. Mikrofoni, antena, mtu anaongea, watu wanasikiliza. Ruzizi ni mto mdogo, unaweza kuita mtu aliye upande wa pili akakusikia. Upande huu watu walitumia redio ili mkulima aongee, upande ule walitumia redio ili jirani auawe. Basi mtu asituambie kwamba redio ni nzuri tu juu ni redio. Mzuri ao mubaya ni kazi ambayo watu wanaipatia. Na tukisikia leo mtu yeyote, hata kama anasema anapigania Kongo, anataja kabila fulani kama wadudu ao kama ugonjwa, tujue hii wimbo ilishaimbwa, na tunajua wapi iliishia.

Julai 1994 mji wetu ulijaa wakimbizi. Shule, makanisa, kando ya barabara, kila mahali watu. Mu ile hali, Agosti 1994, ilianzishwa Bukavu redio ingine, Radio Agatashya, kwa msaada wa Reporters sans frontières ya Uswisi, ili wakimbizi na wenyeji wapate habari za kweli: wapi kuna maji, wapi kuna kipindupindu, nani anatafuta mtoto wake. Agatashya ni jina la ndege mdogo, mbayuwayu, kwa Kifaransa hirondelle. Vita ya 1996 iliinyamazisha. Lakini kutoka kwa ile kazi kulizaliwa Fondation Hirondelle, ambayo tarehe 25 Februari 2002, pamoja na MONUC, ilianzisha Radio Okapi. Watu wengi wanadhani Radio Okapi ilishuka toka New York. Hapana, kamba moja ya mizizi yake inatoka hapa Bukavu.

4. Vita, na mlango wa kwanza kufungwa

Mwisho wa Oktoba 1996 AFDL iliingia Bukavu. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 mu barabara za mji wetu. Tarehe 2 Agosti 1998 vita ya pili ilianza, na RCD, ikisaidiwa na Rwanda, ikatawala Kivu. Huu utawala ulikuwa na askari, ulikuwa na stempeli, ulikuwa na kodi za kila namna. Kitu kimoja haukuwa nacho: watu waliouchagua. Njo maana uliogopa mikrofoni.

Julai 1999 RCD ilifunga Radio Maendeleo. Vifaa vikakamatwa. Wakubwa wa redio, na kati yao mkurugenzi Kizito Mushizi, walisumbuliwa na kufungwa. Mnajua hoja ambayo watawala wa namna hii wanapenda: redio ya maendeleo iseme mambo ya maendeleo, iachane na habari. Iseme juu ya sabuni na mikono misafi, isiseme juu ya nani anakula pesa ya mfereji. Ni hoja ya zamani na itarudi tena. Jibu lake ni fupi: hakuna maendeleo mahali raia hana ruhusa ya kuuliza.

Sasa tusikilizane vizuri hapa, juu njo fundo la hii historia. Redio ilinyamaza miaka karibu miwili. Je, mji ulinyamaza? Mwanzo wa 2000 raia wa Bukavu walifanya villes mortes: maduka yamefungwa, masoko tupu, barabara tupu. Askofu mkuu Emmanuel Kataliko aliandika na kuhubiri waziwazi juu ya mateso ya watu wake. Februari 2000 RCD ikamfukuza Bukavu, ikamtuma Butembo. Alirudi Septemba, na mwezi uliofuata akafa Italia. Vikundi vilivyozoea kukutana juu ya redio vilikuwa tayari vimejifunza kukaa pamoja, kusikilizana, kuchunguza habari, kugawana kazi. Unaweza kukamata emetere. Lakini watu wakishajua kukutana na kuulizana maswali, utakamata nini?

Tunasema hii kwa wale wanaotuambia: "Compte yetu ya Facebook ikifungwa, tutakuwa tumekwisha." Kama nguvu yako yote iko mu compte, kweli umekwisha. Kama nguvu yako iko mu watu kumi wa avenue yako wenye wanajuana na wanaaminiana, compte ni chombo tu.

5. Mlango unafunguka, unafungwa tena

Mwaka 2001 redio ilirudi hewani. Haikurudi kwa huruma ya mtu. Raia, mashirika, wanahabari wa inchi za mbali na watetezi wa haki walisukuma bila kuchoka, kila barua, kila mkutano, kila mjumbe aliyepita Bukavu aliulizwa juu ya Radio Maendeleo.

Kisha Desemba 2002. Mwezi ule, kule Pretoria, wakubwa walikuwa wanatia mkono ku mapatano ya amani, wakipeana mikono mbele ya kamera. Bukavu, mwezi uleule, RCD ilifunga tena Radio Maendeleo na kukamata watu wake. Walikuwa wamefanya nini? Walipitisha hewani sauti za raia waliokuwa wanalalamikia malipo mapya ambayo watawala waliwekea magari. Hakuna siri ya jeshi ilitangazwa. Watu walisema tu: hii pesa ni nyingi, hatuiwezi.

Vijana, tukae kidogo hapa. Mara nyingi tunafikiri kwamba watawala wanaogopa maneno makubwa: mapinduzi, ukombozi, uhuru. Historia ya hii redio inaonyesha kitu kingine. Walimtumia askari mwandishi wa habari juu ya bei. Mtu akisema "chini utawala", wanaweza kumwita mwasi na kumaliza. Lakini mwenye gari akiuliza ku redio "franka zangu zinaenda wapi?", kila mwenye gari, kila mama wa soko, kila mzazi wa mwanafunzi anajitambua mu ile swali. Njo maana sisi tunaendelea kuuliza juu ya maji, umeme, barabara, pesa za shule. Wengine wanasema ni mambo madogo. Bakubwa wetu walifungwa juu ya haya mambo madogo.

Mwaka 2003, serikali ya mpito ilipokaa Kinshasa, redio ikafunguliwa.

6. Wamama wanachukua mikrofoni

Kuna sehemu ya hii historia ambayo wanaume wanapenda kupita mbio. Hatutapita mbio.

Mwaka 1997 msichana mmoja, Chouchou Namegabe, aliingia Radio Maendeleo kujifunza kazi. Mu miaka ya vita, wanawake wa vijijini walikuwa wanabakwa kama njia ya kuharibu familia na kijiji chote. Kila mtu alijua. Hakuna mtu aliongea. Kutaja mambo ya ngono ku redio ilikuwa mwiko. Wanahabari wanawake walipaswa kutafuta hata maneno ya kutumia, namna ya kusema kitu kile bila kumvunjia heshima mama mwenye alitendewa na bila kukificha. Leo neno "ubakaji" linaeleweka mu kila mtaa. Halikufika peke yake. Lilisemwa mara ya kwanza na mtu mwenye sauti yake ilikuwa inatetemeka, na watu wengine walizima redio kwa haya, na kesho yake likasemwa tena.

Wamama wakaanza kuja wenyewe kutoa ushuhuda. Mwaka 2003 ilianzishwa AFEM, shirika la wanawake wa vyombo vya habari vya Kivu ya Kusini. Mwaka 2009 Namegabe alisema haya mambo mbele ya Seneti ya Marekani. Kutoka studio ndogo ya Bukavu mpaka pale. Na mwaka uleule wa 2009 wanahabari watatu wanawake wa mji wetu, mmoja wa Radio Maendeleo na wawili wa Radio Okapi, walipokea vitisho vya kuuawa kwa telefoni. Waliendelea na kazi.

Dada zetu wenye mko mu harakati na mnaambiwa kila siku "nyamaza, hii haiko kazi ya binti", shikeni hii historia. Ni yenu mbele ya kuwa yetu.

7. Wale walioanguka

Tarehe 2 Juni 2004 askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliteka Bukavu. Siku chache tu, lakini mji haujasahau. Wakubwa wa redio tatu, Radio Maendeleo, Radio Maria na Sauti ya Rehema, walitishwa kuuawa, wakapaswa kujificha. Redio zikanyamaza. Mara ingine tena, mtu wa kwanza kutafutwa alikuwa mwenye mikrofoni.

Kisha vita ikasemekana imekwisha, uchaguzi ukafanyika, na watu wakaendelea kufa. Tarehe 13 Juni 2007, Serge Maheshe wa Radio Okapi alipigwa risasi Bukavu, jioni, mbele ya rafiki zake. Mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifo hao rafiki wenyewe walioshuhudia, kisha mwaka 2008, ku rufaa, wakaachiliwa. Tarehe 21 Novemba 2008, Didace Namujimbo, naye wa Radio Okapi, aliuawa akiwa karibu kufika kwake. Agosti 2009, Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star aliuawa mu mji huuhuu.

Tunawataja kwa majina juu majina njo kitu cha kwanza wanataka tusahau. Familia zao bado zinauliza nani alituma wauaji. Sisi tunauliza pamoja nao.

8. Redio inakula nini?

Kuna adui mwingine ambaye havai sare. Ni njaa. Mnapaswa kujua namna redio ndogo inaishi, juu mkikosa kujua mtashangaa kwa nini inanyamaza hata siku ambayo hakuna aliyeifunga.

Redio inahitaji umeme, na wote tunajua SNEL. Umeme ukienda, ni jenereta, na jenereta inakunywa mafuta. FM haipandi mlima, inasafiri mstari ulionyooka, na Bukavu ni vilima juu ya vilima: antena ikiwa mahali pabaya, bonde lote halisikii kitu. Radi ikipiga emetere, ni maelfu ya dola. Pesa inatoka wapi? Matangazo ya matanga, matangazo ya maduka, vipindi ambavyo mashirika yanalipia. Hayatoshi. Basi mwandishi wa habari anakaa miezi bila mshahara, ao anapata kitu kidogo cha sabuni.

Pale njo inaingia kile wanaita coupage. Mkubwa anafanya mkutano, kisha anagawa bahasha kwa wanahabari, "ya transport". Mwenye alipewa bahasha asubuhi, jioni ataandika nini? Na wanasiasa wengine wameona ni rahisi zaidi: badala ya kununua mwandishi, wananunua redio nzima. Uchaguzi ukikaribia, redio zinaota kama uyoga. Uchaguzi ukipita, zinakufa.

Hatusemi hii ili kuwatukana wanahabari. Mtu mwenye watoto wake hawajakula hatuwezi kumhubiria. Tunasema hii kwetu sisi wasikilizaji. Tunataka redio huru, lakini ni nani kati yetu alishachangia hata franka 1.000 ili redio ya mtaa inunue mafuta ya jenereta? Megabaiti za kuangalia mechi tunanunua kila siku. Redio isipolishwa na raia, italishwa na mtu mwingine, na huyo mtu atakuja kudai.

9. Leo

Mwisho wa Januari 2025 AFC/M23 waliingia Goma, na Februari 2025 wakaingia Bukavu. Tangu pale, mu Kivu zote mbili, kuna studio zilizoporwa, redio zilizonyamaza, wanahabari waliokimbia na familia zao, na wengine waliobakia wenye wanapima kila neno mbele ya kulitoa. Upande mwingine, wanahabari wa maeneo ya serikali nao wanasumbuliwa wakisema kitu ambacho mkubwa hapendi, hata kama sheria mpya ya vyombo vya habari ya tarehe 13 Machi 2023 inasema mambo mazuri. Raia amebanwa katikati.

Na mahali redio imenyamaza, radio trottoir imerudi, lakini sasa iko mu telefoni. Voice moja ya WhatsApp, hakuna jina, hakuna tarehe: "Wako njiani, kimbieni!" Mtaa mzima unakimbia usiku, mtoto anapotea, mzee anaanguka. Asubuhi tunakuta ile voice ilikuwa ya miaka miwili iliyopita, ya mji mwingine. Kaseti ya radio-club ilichukua siku tatu kufika, lakini ilikuwa na mwenyewe. Voice inafika mu sekunde tatu, na haina baba wala mama.

10. Tunachoomba

Hatuombi mtu akuwe shujaa. Mashujaa tunao wengi makaburini. Tunaomba mambo ambayo kila mmoja anaweza kufanya pale alipo, bila kujiweka mu hatari bure.

Moja: usitume mbele habari ambayo hujui nani aliitoa, wapi na lini. Maswali matatu tu. Yakikosa jibu, iishie kwako.

Mbili: rudisheni vikundi vya wasikilizaji. Watu watano, sita, wenye wanaaminiana. Sikilizeni pamoja redio yoyote inayosikika, linganisheni redio mbili, tatu, ulizaneni. Haihitaji pesa wala bendera, na haihitaji kujitangaza ku Facebook.

Tatu: andikeni. Bei, kizuizi, mtu aliyechukuliwa, shule iliyofungwa. Tarehe, mahali, nini kilitokea. Hifadhini mahali pa usalama. Siku ya kuuliza itafika, na mwenye kuandika atakuwa na kitu cha kusema.

Nne: saidieni wanahabari waliokimbia ao walioachishwa kazi. Chakula, chumba, megabaiti. Hawa njo wanabeba kumbukumbu ya mji.

Tano: wekeni kaseti. Wazazi wetu bado wana kaseti za zamani za redio chini ya vitanda, zinaliwa na unyevu. Ombeni, sikilizeni, zirekodini upya. Pale ndani kuna sauti za mji wetu ambazo hakuna maktaba inazo.

Kwa wenye silaha, wote, wa kila upande, tunasema waziwazi: acheni redio zifanye kazi, rudisheni vifaa mlivyochukua, na waliofungwa juu ya kusema waachiliwe. Kwa serikali: wachunguzeni wauaji wa wanahabari wetu mpaka mfike kwa wale waliowatuma.

Mwaka 1999 wenye walifunga Radio Maendeleo walikuwa na bunduki nyingi, na waliamini wanatawala kwa muda mrefu. Leo RCD haitawali tena. Kijana akisikia ile jina anauliza: hawa walikuwa nani? Redio waliyoifunga, yeye anaijua.

Sasa tunataka tusikie ninyi.